Kigingi Nyumbani kwa Talum

Kigingi cha barabara kilipigwa katikati ya nyumba ya Talum, kando ya jiwe bapa alipomzika mkewe, maana kwetu Wabunun, watu wa milimani, wafu hulala chini ya sakafu.

"Barabara haiwezi kupinda kidogo, bwana?" Talum alimuuliza polisi wa watawala wetu Wajapani.

"Mkoa umeshachora ramani. Ardhi hii ni ya serikali, kama kulungu wa msituni, kama bunduki yako tuliyoichukua. Nyinyi mtahamia bondeni."

"Baba, mwambie kwamba mama yuko hapa!" binti yake akalia.

"Anajua, mwanangu."

Polisi akatuamuru tuling'oe jiwe lile, sisi majirani tuliokusanywa kwa lazima kuichonga barabara hiyo. Hakuna aliyesogea. Akashika bastola.

Talum akaninyang'anya sururu. "Acheni. Hakuna mwingine atakayemgusa mke wangu."

Akapiga magoti, akapangusa vumbi kwenye jiwe kwa kiganja, polepole, kama alivyokuwa akimfuta mkewe jasho la homa. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka, na damu ikabaki juu ya jiwe. Nayo akaipangusa.

Kisha akaingiza ncha ya sururu ukingoni, akakandamiza kwa uzito wake wote.

Jiwe likainuka. Binti akageukia ukuta.