Jumbe Ngiri Apokea Wakwe

Ngiri, jumbe wa wanyama wa bondeni, alijua jambo moja tu duniani, nalo ni kuchimba viazi. Asiyechimba alimwita kupe. Ndiyo maana alimfukuza Kurumbiza, ndege aliyewaimbia harusi na misiba yao yote.

"Wimbo hauliwi," alimwambia. "Nenda kaimbe huko wanakoshiba upepo!"

Kurumbiza akaruka zake, na Ngiri akajiona mwerevu kupita babu zake.

Mwezi haukupita, bintiye akaposwa ng'ambo ya mto. Siku ya harusi, viazi vilichemshwa hadi masufuria yakafurika. Wakwe wakaja, wakasimama nje ya ua, maana kwa desturi yao bwana harusi haingii mpaka aimbiwe. Jua likawachoma.

"Karibuni, viazi vipo tele!" Ngiri akaita.

Hakusogea mtu. Jasho likamtiririka jumbe. Mwishowe akafumba macho, akaimba mwenyewe. Lo! Alikoroma, akapiga kwikwi, akavuta kamasi.

Alipofumbua macho, aliwakuta wakwe wameketi vumbini, wanalia.

"Pole sana, jumbe," alisema mshenga wao. "Nani amefariki?"

"Hajafa mtu! Hii ni harusi!"

"Harusi gani yenye kilio hiki? Usitufiche. Tutarudi mkishaanua matanga."

Wakaondoka, bwana harusi akiwatangulia. Bibi harusi akaangua kilio, na hicho kilikuwa kilio cha kweli. Ngiri akakuna kichwa chake kikubwa, kisha akamsogezea sinia.

"Kula viazi, mwanangu."