Ng'ombe Aliyerudishwa

Siku hizi ng'ombe akifa, maabara humrudisha kwa kipande cha sikio lake. Nakijwa alirudishiwa Tunu wake, na baka jeupe usoni vilevile. Tunu wa zamani, tangu mume wa Nakijwa afariki, kila jioni alisimama langoni kumngojea, na Nakijwa akasimama naye. Huyu mpya alikula majani huku ameligeuzia lango mgongo.

"Huyu hamjui mume wangu," Nakijwa alilalamika.

"Atamjulia wapi, mama?" alicheka bwana mifugo aliyemleta. "Ila mwakani tunaanza kurudisha watu. Unywele mmoja unatosha."

Alipoondoka, Nakijwa aliitwaa kofia ya marehemu, yenye nywele zake bado, akainusa kwa muda mrefu, kisha akaitia motoni. Jioni ilipofika, akaenda langoni peke yake.