Hema la Wawili

Muuzaji alimtandikia fundi pikipiki mahema mawili sakafuni, akapiga magoti kama mtu anayenadi mikeka.

“La mtu mmoja linakaa kwenye keria bila shida. Hili la wawili itabidi ulifunge pale anapokaa abiria. Kwani unasafiri na nani?”

Asubuhi fundi alikuwa ameusikiliza ujumbe wa sauti wa mkewe, aliyekwenda kufanya kazi ng’ambo, mpaka akaukariri: “Mwaka huu tena siji, baba watoto. Ile safari yetu ya kulala porini, nenda tu peke yako. Ngojangoja huumiza matumbo.”

Aliinama, akapenyeza mkono wake wenye madoa ya oili ndani ya hema la wawili. Akapapasa upande wa kushoto, ule ambao mkewe hupenda kulalia, akanyoosha mkunjo kwa kiganja.

“Nipe hili.”

“Mzigo huo, kaka!”

“Ng’ombe haelemewi na nunduye.”

Wakatoka nje. Muuzaji akalilaza hema kwenye siti ya nyuma, akalikaza kwa kamba za mpira, kisha akachuchumaa penye vikanyagio vya abiria. Mpira wa kile cha kulia ulikuwa umelika zaidi, kwa kisigino cha mtu aliyezoea kuchungulia barabara juu ya bega la dereva.

“Na hivi nivikunje? Hakuna wa kuvikanyaga.”

Fundi alimdaka mkono.

“Hivyo viache.”