Ujumbe wa Jumanne

Mambo yaliharibika Jumanne ile, tarehe tisa, majibu ya damu ya mke wa mzee mmoja yalipokwama ndani ya kompyuta za hospitali. Alhamisi wakamzika.

Wiki tano baadaye binti yake, fundi wa programu, ndiye aliyeitwa kuzitengeneza kompyuta hizo. Mzee alimfuata hadi ofisini, simu ya marehemu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Hakuwahi kuiacha ikaisha chaji.

"Wakubwa wa hospitali wanasema kompyuta ndiyo iliyokosea," alinung'unika. "Mkubwa hakosei."

"Baba, programu ya kutuma majibu ilijifungulia yenyewe mlango wa hifadhidata, ghala la majibu, asubuhi, ikaung'ang'ania huo huo. Ulipofungwa, ikabaki inagonga kimyakimya. Sasa kila kazi itakabidhiwa mlango wake mpya, yaani muunganisho, ikimaliza iurudishe."

"Kama mimi na ufunguo wa stoo: nikimaliza, naurudisha."

"Hivyo hivyo."

Binti akabonyeza kitufe. Majina ya wagonjwa yakaanza kupita kwenye kioo, mamia kwa mamia, kila moja likifunguliwa mlango wake. Mzee alivua kofia bila kujijua.

Mara simu ikatetemeka kifuani pake kama kifaranga.

"Majibu yako yapo tayari. Damu imepungua sana. Fika leo."

Mzee aliusoma ujumbe huo polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mwanangu," aliuliza, "wiki tano simu za wagonjwa hazikulia. Katika wakubwa wote wa hospitali hii, nani alijua?"