Fungua Dirisha Jipya

Mlango ulipogongwa, Hikma alijua maoni yamefika.

Tangu asubuhi alikuwa ameikodolea simu macho kama anayengoja matokeo ya mtihani. Kivinjari chake cha intaneti, alichokitengeneza kwa miezi minane chumbani mwake mtaani Kware, kilikuwa kimeanza majaribio. Kwenye grupu la wapangaji alituma kiungo chake na kuandika: "Majirani, bonyezeni palipoandikwa 'Fungua dirisha jipya', kisha mniambie kama linafunguka."

Watu hamsini na sita waliusoma ujumbe. Hakujibu hata mmoja.

Mlangoni alisimama keateka, msimamizi wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, jasho likimtiririka, na nyuma yake ngazi nzima imejaa majirani. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa amekumbatia pazia la maua, jipya kabisa, bado lina joto la pasi.

Hikma akageuka kulitazama dirisha lake mwenyewe. Nje yake, umbali wa kiganja tu, ulikuwa ukuta wa ploti ya jirani, kama ilivyokuwa kwa kila chumba cha jengo lile. Ndipo akaelewa.

"Wewe msichana," keateka alifoka, "nani amekuruhusu kuwaahidi watu madirisha? Mwenye nyumba anajua?"

"Jamani, ni madirisha ya kwenye simu..."

"Nyamaza kwanza!"

Keateka akatupa jicho nyuma, akasogea karibu, akamnong'oneza:

"Mimi nimebonyeza mara nne. Langu hakikisha linatazama barabarani."