Sauti Moja Mlangoni

Tangu sheria ipite, kila aliyetaka kuongoza watu alipandikizwa kifaa kooni, na wote wakawa na sauti moja kavu, isiyo na mbwembwe. Watu wapime hoja, si utamu wa maneno. Ndivyo Kiondo, mtaalamu wa maji aliyezomewa miaka yote kwa kigugumizi chake, alivyoshinda ubunge. Mkewe, Nakijwa, alipiga vigelegele. Baadaye akaanza kukitamani kile kigugumizi.

Jioni moja mlango uligongwa.

“Mama Nanzia, nifungulie. Ni mimi.”

Ilikuwa sauti ya mumewe. Ilikuwa pia sauti ya wale aliowashinda, na mmoja wao alikuwa ameapa kumkomesha yeye na nyumba yake.

Nakijwa alishika komeo. “Siku aliyozaliwa Nanzia, mvua ilinyesha?”

“Haikunyesha. Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali.”

Jibu lilikuwa sahihi. Yeyote aliyesoma tarehe hiyo katika taarifa za wagombea na familia zao angelipata.

“Baba huyo! Mfungulie!” Nanzia akarukaruka.

Nakijwa akamziba mdomo. Kiondo, pamoja na usomi wake wote wa maji, alibishana naye kila mwaka kwamba siku ile mvua ilinyesha. Alitoka wodini shati limelowa, na hajawahi kukubali kwamba alilia.

Kitasa kikazungushwa taratibu.

“Mama Nanzia,” ile sauti ikasema kwa upole, “kwani jibu langu lina kasoro gani?”