Kipimo Kilichofungwa kwa Majani ya Mgomba

Skrubu ya kwanza ilikaa. Ya pili ikagoma, na chini ya jino nikaona mwanya mwembamba kama unywele.

Nikasimamisha bisibisi. Meno yale matatu ya bandia yameungana, yanashikwa na vyuma viwili nilivyovipandikiza ndani ya taya. Ukilazimisha, mfupa unaweza kupasuka.

"Kaza tu, daktari," alisema mzee Mbonimpa. "Sisi wa Kanoni hatuogopi maumivu."

"Mzee, kile kipimo cha meno nilichokupa umpelekee fundi wa meno kule Mwanza, ulikibebaje?"

"Vizuri kabisa! Nilikifunga kwa majani ya mgomba yaliyolowa, kama miche ya kahawa. Njia nzima nilikuwa nakinyunyizia maji kisije kikapasuka."

Nilimkabidhi kipimo kikiwa kikavu, ndani ya mfuko, wala sikumwambia kisiguse maji. Ule udongo wa zambarau wa kuchukulia umbo la taya hunywa maji na kuvimba. Fundi alikuwa ametengeneza meno ya taya isiyo ya mtu yeyote.

Nikaanza kuifungua ile skrubu, taratibu.

"Usihofu, daktari," akasema, akidhani naogopa. "Hata kipimo cha yule mwenzangu wa Kimuli, niliyesafiri naye, nilimfungia mimi vivyo hivyo."

Yule wa Kimuli nilimwekea meno jana. Yalibana. Nilikaza kwa nguvu zote za mkono mpaka yakakaa. Aliondoka akifuta machozi, nami nikadhani ni ya furaha.